Geti la Ndizi la Mzee Jayanti

Simu iliingia nikiwa nimeinamia cherehani, nashona sketi za shule, na kwa kuwa namba sikuijua niliiacha ilie mpaka ikachoka. Ilipolia tena niliipokea kwa ukali, maana wateja wa sketi za shule hawana subira na mimi pia sina. "Koku," sauti ya kike iliniita, sauti iliyokauka, "mimi Mama Hansa, wa Mwanza. Mzee ametutoka." Nikauliza mzee yupi, Mungu anisamehe, kisha nikaona aibu, kwa sababu Mama Hansa alikuwa na mzee mmoja tu, mume wake, Mzee Jayanti. Alisema aliugua kifua kwa muda mfupi, kwamba kijana wao alikuja kutoka ng'ambo, kwamba walimchoma kwa kuni kama dini yao inavyotaka na majivu wakayamwaga ziwani. Akaniuliza kama hapa kwetu Omurushaka bado kuna vumbi. Nikamwambia siku hizi lami ipo, na vumbi nalo lipo. Alicheka kidogo halafu akalia, na mimi nikalia, tukaendelea hivyo mpaka salio lake likaisha.

Nimekaa na habari hiyo tumboni siku kadhaa. Vijana wa hapa stendi ukiwaambia Mzee Jayanti amekufa wanakuuliza alichezea timu gani. Duka lake limekuwa nyumba ya kulala wageni, na baraza niliyokuwa nashonea wameizungushia vioo. Lakini wapo watu wa rika langu ambao nikilitaja jina hilo wanageuza uso na kuanza kuulizia bei ya kahawa. Hao ndio wanaonifanya niandike, kwa sababu wanajua na hawataki kusema, na mimi mdomo wangu tangu zamani haujui kufungwa. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule ambao mnyauko uliingia kwenye migomba yetu. Wanaotaka habari za ukoo wangu na nilizaliwa upande gani wa kilima waende kwa wajomba zangu, wale wana muda.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nina cherehani ya kukanyaga na mdomo. Mzee Jayanti alinipa pembe ya baraza ya duka lake bila kodi, kwa masharti kwamba nguo za Mama Hansa nizishone bure na nisiimbe. Duka lilikuwa refu na lenye giza, linanuka chumvi, mafuta ya taa na bizari, na nyuma yake kulikuwa na ghala la kahawa, halafu jiko la Mama Hansa ambamo ulivua viatu kabla ya kuingia kama unaingia msikitini. Kwenye kona ya dukani kulikuwa na rafu ndogo yenye picha za miungu yao na utambi uliowashwa kila asubuhi. Wao walikuwa Wahindu, hawali nyama wala yai, na watu wetu walishangaa tajiri gani huyu anakula dengu na kabichi kila siku ya Mungu. Saa saba mchana nililetewa chapati mbili, dengu na chai ya tangawizi. Chai ililetwa kwenye kikombe changu cha bati, ambacho kilikaa peke yake kwenye dirisha la jikoni, nje, mbali na vikombe vya nyumbani. Nililiona hilo siku ya kwanza. Nilikunywa chai, kwa sababu ilikuwa nzuri, na nikaliweka moyoni.

Baada ya chakula alikuja Bwana Justus, mtendaji wa kata, mtu wa Muleba, Mlutheri wa kupiga pasi mpaka soksi. Hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme mapema. Alikuwa mtu aliyetumwa. Walikaa kwenye magunia na Mzee Jayanti, wanakunywa chai, wanazungumza, na mimi nyuma ya cherehani nilisikia yote. Bwana Justus alilalamika kwamba watu hawalipi ushuru wa mazao. Wanapita njia za mashambani wakiliona geti. Mzee Jayanti akamwambia, kwa kile Kiswahili chake cha Bukoba, "Wanakimbia kwa sababu wanajua hakuna kinachorudi. Baba yangu alinifundisha hivi, na yeye alifundishwa na baba yake: mfalme si mfalme kwa ajili ya kiti. Anaitwa mfalme kwa sababu analinda. Kodi ni mshahara wake wa kulinda. Akichukua halafu asilinde, ni mwizi tu mwenye kilemba." Bwana Justus akacheka. Mzee hakucheka. Aliendelea kusema kwamba kwa wazee wao fungu la mfalme lilijulikana, sehemu moja kwa sita, na lilichukuliwa kwa adabu, kama ndama anavyonyonya bila kung'ata chuchu. Na mwaka wa njaa mfalme alifungua ghala lake badala ya kunyoosha mkono. Na kitu cha raia kikiibiwa, mfalme akashindwa kukipata, alikilipa mwenyewe kutoka hazina yake. "Asipolipa," alisema, "dhambi ya mwizi inamwangukia yeye." Bwana Justus aliweka kikombe chake chini, kikombe cha nyumbani, na kusema, "Basi, Mzee, kwa nini usilichukue geti wewe? Zabuni inatangazwa."

Mtego wenyewe ulikuwa hivi. Geti la ndizi kwenye njia ya kutoka kijiji cha Nyakasimbi lilikuwa linakodishwa kwa wakala. Wakala alilipa ofisini kiasi kilichopangwa kila mwezi, apate asipate, na kilichozidi ni chake. Ndiyo maana mawakala wote waliopita walikuwa fisi. Walitoza mkungu, wakatoza baiskeli iliyobeba mkungu, wakatoza mama mwenye ndizi za mgonjwa hospitalini. Mama Hansa alimkatalia mumewe kwa Kigujarati, kwa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani. Lakini Mzee Jayanti alikuwa na ugonjwa wa watu wanyoofu: alidhani jambo likiwa sahihi litawezekana. Akalichukua. Na siku ya kwanza akaweka amri yake, iliyowafanya watu washike vichwa. Mwenye shamba zima alipe kama kawaida. Mwenye shamba linalokufa asilipe chochote.

Maana mnyauko ulikuwa umeshaanza kusikika, kwanza huko Ihanda. Jani linanyong'onyea kama limemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya siku zake, na ukizikata ndani ni kahawia kama kutu. Ukikata kikonyo cha mkungu kinatoka usaha wa njano. Watu walikata mikungu mapema, wakaikimbiza sokoni wauze kwa bei ya bure, ya kukamulia pombe au kulishia nguruwe, angalau wapate chumvi. Hao ndio Mzee Jayanti aliosema wasitozwe. Na atajuaje? Akamweka Bonifasi getini na panga lake. Mkungu ukifika, Bonifasi anakata kipande cha kikonyo. Kikitoka usaha, pita, pole sana. Kikiwa cheupe na safi, lipa.

Huyu Bonifasi alikuwa mpagazi wa ghala la Mzee, mtu wa Nyakasimbi, wa asili ya Rwanda, mpole, Mkatoliki wa kwaya. Mkewe aliitwa Speransia. Asili yake aliikumbushwa kila alipobishana na mtu, kwa hiyo alijifunza kutobishana. Kitu kilichomfanya awe mtu wa Nyakasimbi kilikuwa kibanja chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Kwetu hati ya mtu ni migomba. Mgeni akikaribishwa hupewa machipukizi ya ndizi na wenyeji, anapanda, na siku anayowakaribisha waje wale ndizi za mikono yake, siku hiyo anakuwa mwenzao. Anaalikwa msibani, anagawiwa nyama, anasikilizwa kwenye kikao. Mgomba ukisimama, naye anasimama. Bonifasi alilijua hilo kuliko sisi tuliolikuta. Kila jioni alitoka getini akaenda zake kwa mguu, panga begani, na akifika alikata mkungu wa chakula cha watoto.

Miezi ya mwanzo watu walimsifu Mzee Jayanti mpaka ikachosha. Akina mama walimwita "Ta Jayanti," kama baba wa mwenyeji, na mmoja alimletea senene, wale panzi wa kukaanga, maskini, hajui kwamba mtu huyu hali kitu chenye miguu. Aliwapokea kwa mikono miwili, akanipa mimi. Siku ile nilikuwa na furaha ya tumbo lililojaa senene, nikathubutu kumuuliza. Nikamwambia, "Mzee, huyo mfalme wenu anayewalinda wote, na wale wa chini kabisa huko kwenu, wasioruhusiwa kugusa sufuria, nao aliwalinda?" Alikuwa anapima sukari. Alimaliza kupima, akafunga pakiti kwa uzi, akampa mteja, ndipo akasema, "Hapana, binti. Hapo wazee wetu walikosea sana, na wengine bado wanakosea." Nikamwambia basi kikombe changu kiko dirishani. Aliangalia dirisha kama mtu aliyeonyeshwa nyoka nyumbani kwake. Kesho yake chai yangu ilikuja kwenye kikombe cha nyumbani, na Mama Hansa alininunia wiki nzima.

Lakini hesabu za geti hazikuwa na huruma. Mikungu yenye usaha iliongezeka, yenye kulipa ikapungua, na ofisi ilitaka fungu lake lilelile. Mzee alilijazia kutoka dukani. Nilikuwa naona rafu zikibaki wazi moja baada ya nyingine, kwanza vitenge, halafu sabuni, halafu betri. Na watu wetu, nao tusiwasafishe sana, walijifunza. Mwenye shamba zima alitafuta mkungu mmoja mgonjwa kwa jirani, akauweka juu ya mzigo ili apite bure na baiskeli nzima. Mikungu iliyooza ambayo ingeachwa shambani ikawa inatembea barabarani kutoka kila kijiji, inakuja getini kukatwa. Bwana Justus alimwonya: "Mzee, ofisi haili sadaka." Mzee akamjibu kwamba mwaka wa ukame ng'ombe hakamuliwi damu. Mama Hansa, aliyekuwa mlangoni, akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Na huyu ng'ombe wangu mimi nani anamlinda?"

Mwezi wa masika nilienda Nyakasimbi kumpelekea Speransia gauni la komunyo la binti yao mkubwa. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyopigwa lipu vizuri, chumba cha mbele kina meza, picha ya Bikira Maria na nyasi mpya sakafuni, zile zinazonukia. Speransia alipakua ndizi na maharage kwenye sinia, juu akaweka mchuzi wa nyanya chungu, tukala kwa mikono tukicheka, kwa sababu binti alikataa kuvua gauni na alikuwa anakula amenyoosha shingo asije akalichafua. Bonifasi alinipeleka kuona kibanja. Migomba ilisimama minene, imefunikwa nyasi chini, safi kama uwanja wa kanisa. Alinitajia majina ya aina zake moja moja, hii ya kupika, hii ya kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, hii alipewa na mzee fulani siku aliyobatizwa mtoto wake wa kwanza. Kule mwisho, karibu na mahali anapokatia chakula cha nyumbani, niliona jani la njano limelala. Sikusema kitu, nikadhani ni upepo. Naye aliliona, kisha akanitazama kuona kama nimeliona. "Ni uzee tu wa jani," akasema.

Hazikupita wiki nyingi kabla kibanja kile hakijanyong'onyea karibu chote, kutoka pale pa chakula kwenda pembeni, na kutoka kwake kwenda kwa majirani ambao walikuwa wakiazima panga lake. Ndipo ukaitishwa mkutano, bwana shamba akaja na kipaza sauti pale sokoni, kijana mgeni, hajui kitu kuhusu sisi. Alipanda juu ya kreti akaeleza. Ugonjwa huu hauletwi na upepo wala hauletwi na mchawi. Unabebwa na chuma. Panga likikata mgomba mgonjwa halafu likakata mzima bila kupitishwa motoni, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Alikuwa anaongea vizuri, kijana yule, anafurahia kueleweka. Hakujua kwa nini watu walianza kugeuka polepole kumtazama mtu mmoja aliyesimama karibu na mizani na panga mkononi. Bonifasi naye alilitazama lile panga. Mawe, mama yangu! Ule uso sijausahau. Alikuwa anahesabu moyoni kila mkungu alioukata getini, na kila jioni aliyofika nyumbani na kukata chakula cha watoto.

Mzee Jayanti akapita katikati ya watu, akasimama mbele yake. "Geti ni langu," alisema kwa sauti. "Mkono ni wake, amri ni yangu. Mimi ndiye nilipokea ushuru wenu, na mimi nilitakiwa kulinda. Dhambi ni yangu." Aliyasema kwa Kiswahili, akayarudia kwa Kinyambo chetu, kibovu, ili bibi wa nyuma naye aelewe. Mimi nilimwonea fahari, nasema kweli. Sikuwahi kumsikia mkubwa yeyote akisema hivyo, na tangu wakati huo sijamsikia mwingine.

Kesho yake akafanya kile alichofundishwa. Mfalme aliyeshindwa kulinda hulipa kutoka hazina yake, na hazina yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo alianza na mmoja aliyepoteza kila kitu kwa amri yake. Akapakia pikapu: unga, mabati, mbegu za maharage na mahindi, jembe jipya, na bahasha. Akampelekea Bonifasi mchana kweupe, akashusha mbele ya nyumba, akamshika mikono, akaondoka. Alidhani watu wataona haki. Lo! Mtu wa kumuuliza alikuwepo, mimi nilikuwepo pale barazani, lakini nani angenikumbuka mshona nguo?

Kwa sababu kwetu hulipi hivyo. Kwetu mtu akidhurika, wazee hukaa. Mshukiwa huitwa, hukana, huulizwa tena, mashahidi husema, na akikubali hutajiwa fidia mbele ya wote na kuitoa mbele ya wote, kisha rubisi inanywewa kwenye kibuyu kimoja ndipo neno hilo linakufa. Kitu kikishushwa mlangoni kwa mtu bila kikao, bila mashahidi, bila jirani kuambiwa kwa nini, hicho si fidia. Huo ni ujira. Siku ileile kabla jua halijashuka maneno yalikuwa yamefika Omurushaka: Mhindi amemlipa yule Mnyarwanda kazi aliyomtuma. Wameua migomba ili tununue unga dukani. Nilibishana na wanawake watano kwenye bomba la maji mpaka nikapigwa kwa ndoo. "Koku, kama si ujira," mmoja aliniuliza, "kwa nini kalipwa yeye aliyeshika panga, na sisi tuliokatiwa hatukupewa hata kijiko?" Mzee alikuwa amepanga kuwafikia wote, mmoja mmoja, kadiri atakavyouza kahawa. Hakuna aliyengoja.

Asubuhi iliyofuata mtoto wa jirani wa Bonifasi alikuja na baiskeli akihema: watu wanakusanyika, wana mapanga. Mzee Jayanti hakuvaa hata viatu vya kufunga. Tulikimbia, yeye na mimi, mpaka ofisi ya kata. Bwana Justus alikuwa mezani. Mzee aliegemea meza ile kwa mikono yote miwili. "Kila mwezi nimewaletea fungu lenu," alisema, "hata mwezi ambao geti halikuingiza kitu nimeuza mali yangu nikaleta. Sijawahi kuomba chochote. Leo naomba mtu mmoja alindwe. Toa gari, toa mgambo." Bwana Justus alisimama, akachungulia dirishani ambako gari la kata lilikuwa limeegeshwa, akakaa tena. "Mzee, gari halina mafuta," akasema. "Fungu la mafuta halijarudi kutoka juu." Mzee akatoa pesa mfukoni, akaziweka mezani, akasema nunua. Bwana Justus akasema haruhusiwi kupokea pesa bila utaratibu. Aliyasema hayo huku macho yake yakiwa mekundu. Mpaka leo sijui ni woga au aibu. Nikamtukana. Tukaenda kwa pikapu sisi wawili.

Tulifika kazi imekwisha. Hawakuchoma nyumba. Walikata migomba yote, ile mikavu na ile michache ya upande wa juu iliyokuwa bado hai, wakailaza kuelekea mlangoni. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Ni kumwambia mtu kwamba hajawahi kuwa mwenzenu. Mabati yalikuwa yamekunjwa, unga umemwagwa na kuku wanaula. Bonifasi alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, mkono wa kulia, ule wa panga, umepondwa kwa shoka, upande wa nyuma wa shoka. Speransia alikuwa anaufunga kwa kitambaa cheupe, na nilipotazama vizuri nikaona ni upindo wa gauni la komunyo nililolishona. Waliofanya hivyo walikuwa bado wapo, wamesimama pembeni kimya, watu ninaowajua, watu niliowapima suruali. Mzee Jayanti akawaambia, "Nipigeni mimi. Nimesema ni mimi." Hakuna aliyemgusa. Mmoja alimwambia kwa heshima kabisa, "Rudi nyumbani, Mzee, jua ni kali."

Tuliwabeba Bonifasi na familia yake yote kwenye pikapu mpaka hospitali. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Ofisi ilidai upungufu wa geti, duka likafungwa, na Mama Hansa akafunga mizigo bila kuongea na mtu. Siku ya kuondoka Mzee aliniachia meza ya kukatia vitambaa na akaniuliza swali moja tu: "Koku, nilikosea wapi?" Nikamweleza habari ya kikao na rubisi. Alisikiliza kwa makini, kama mwanafunzi. Kisha akasema, "Ningeuliza," akapanda gari la Mwanza. Geti lilipata wakala mwingine, fisi kama wale wa zamani, na watu walilipa.

Bonifasi alihamia Kyerwa, kwenye mashamba ya kahawa ya watu, na huko yupo mpaka leo. Juzi nilipanda basi nikaenda kumpa habari, kwa sababu niliona haifai aisikie kwa mwingine. Amezeeka. Mkono ule haufungiki wala haufunguki, anautumia kama fimbo ya kuegemeza vitu. Tulisalimiana sana, Speransia akanikumbatia, tukakaa uani anapoanika mbuni za kahawa za tajiri wake. Nyumba yao imezungukwa na mihogo na maharage. Sikuona mgomba hata mmoja, na Kyerwa nzima ni migomba. Speransia alituletea ndizi alizonunua sokoni. Tulipomaliza kula nikamwambia Mzee Jayanti amefariki. Akavuruga mbuni kwa mguu, huku na huku.

"Kazikwa wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia hakuzikwa, walimchoma, majivu wameyamwaga ziwani.

"Basi hana hata kaburi."

"Ungeenda?"

"Ningeenda," alisema. "Alikuwa mtu mwema, Koku, sijawahi kumwona mwema kama yule. Ningesimama juu ya kaburi nimwambie: Mzee, siku ile ulisema dhambi ni yako na kila mtu alikusikia. Wakaja kwangu. Wewe ulipokiri, ulikuwa na Mwanza ya kwenda."